Mji Uliojiita kwa Jina la Zafarani

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. 

Katika nyumba za pwani yetu, zafarani haihitaji kutambulishwa. Hukaa ndani ya kichupa kidogo, juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto; hutolewa siku ya biriani ya harusi, siku ya kupika halua, au pale mwalimu anapoombwa amwandikie mgonjwa kombe. Wengi wetu twajua kwamba hutoka Uajemi, Kashmir au Hispania. Wachache wetu twajua kwamba kwa muda wa karne mbili na zaidi ililimwa pia katika baridi na mvua ya Uingereza, na kwamba upo mji mmoja wa gulio nchini humo ambao uliliacha jina lake la zamani ukajiita kwa jina la zafarani. Mji huo ni Saffron Walden, katika jimbo la Essex, nasi tulijaaliwa kuuzuru mwezi wa Oktoba, ambao ndio msimu wa kuchanua kwa ua lake.

Njia ya kufika, na siri ya jina

Tulikuwa tumefikia Cambridge, kwa binti wa ndugu yetu aliyeolewa huko na ambaye kazi yake ni uuguzi. Alfajiri tulisali katika Msikiti Mkuu wa Cambridge, uliofunguliwa mwaka 2019, ambao nguzo zake ni za mbao zilizosukwa zikapanda juu na kutanda mfano wa matawi ya miti. Kutoka hapo hadi Saffron Walden ni kama kilomita 24 kuelekea kusini. Atokaye London hupanda treni katika kituo cha Liverpool Street, akashuka Audley End baada ya takriban saa moja, kisha akamalizia kilomita tatu hivi kwa basi au teksi, kwani reli iliyokuwa ikiingia mjini ilifungwa mwaka 1964.

Kwanza tuliangalie jina, maana majina ya miji huhifadhi yale ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Neno la Kiingereza lenye maana ya zafarani limetokana na Kiarabu, lugha ileile iliyotupa sisi neno letu. Lilipitia Kifaransa ndipo likafika kwa Waingereza. Ama Walden, wataalamu wa lugha ya kale ya nchi hiyo husema asili yake ni bonde la wale Wabritoni waliokuwapo kabla ya kuja Waingereza, na neno walilowaitia watu hao lilikuwa na maana ya wageni. Basi mji ambao mtu angedhani ni wa Kiingereza mno, wenye kanisa refu na nyumba za mbao zilizoinama kwa uzee, jina lake lote mawili yanazungumzia wageni na vitu vilivyotoka mbali. Sisi watu wa Mombasa na Lamu, ambao miji yetu imejengwa na pepo za kaskazi na kusi, hatuna sababu ya kulishangaa jambo hilo. Tuna kila sababu ya kulifurahia.

Hapo zamani mji uliitwa Chepyng Walden, yaani Walden ya soko. Soko lenyewe lilihamishiwa hapo mwaka 1141 kutoka mji wa jirani uitwao Newport, kwa idhini aliyopewa mtawala wa eneo hilo, Geoffrey de Mandeville. Tukihesabu kwa miaka yetu, ni kiasi cha mwaka 535 au 536 wa Hijra. Imam Ghazali alikuwa amefariki miaka thelathini tu kabla yake, na Salahuddin al-Ayyubi alikuwa mtoto mdogo. Gulio hilo lingali likifanyika hadi leo, kila Jumanne na Jumamosi, katika uwanja uleule ulio katikati ya mji.

Ua la alfajiri

Zafarani ina tabia ambayo kila mama anayelalamikia bei yake anafaa kuijua. Ua lake ni la rangi ya zambarau, na ndani yake mna nyuzi tatu tu nyekundu; hizo tatu ndizo zafarani. Ili kupata kilo moja iliyokauka huhitajiwa maua yapatayo 150,000. Tena halina mbegu izaayo: mmea huu huongezeka kwa matunguu yake, ambayo lazima mkono wa mwanadamu uyachimbue, uyagawe na kuyapanda upya. Mahali popote duniani palipo na zafarani, basi kuna mtu aliyeibeba akaileta.

Mwandishi mmoja wa karne ya 16, William Harrison, aliyekuwa kasisi katika kijiji kilicho jirani na Walden, ameeleza jinsi kazi ilivyofanyika. Maua yalichumwa asubuhi kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa jua likiyapata hunyauka. Nyuzi zilitolewa moja moja, maua yenyewe yakatupwa jaani, kisha nyuzi zikakaushwa juu ya tanuri dogo lenye moto mpole. Zafarani ya Walden ilitumika katika vyakula, katika dawa, na katika kutia rangi vitambaa vya sufi, ambavyo vilikuwa biashara kubwa ya mji. Wanaosoma vitabu vya hija watakumbuka hapa kwamba mwenye kuhirimia amekatazwa nguo iliyotiwa zafarani. Hukumu hiyo yatuonyesha jinsi rangi na harufu yake zilivyothaminiwa tangu zama za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie.

Ndani ya kanisa la St Mary, ambalo mnara wake mkali huonekana kutoka kila upande, mna maua ya zafarani yaliyochongwa katika mawe. Nembo ya mji nayo yaonyesha maua hayo yakiwa ndani ya kuta za ngome, na huo ni mzaha wa maneno katika Kiingereza, kwa kuwa jina la mji likitamkwa haraka husikika kama zafarani iliyozungushiwa ukuta.

Yule msafiri na fimbo yake

Ilifikaje huko? Richard Hakluyt, mkusanyaji mashuhuri wa habari za safari za Waingereza, aliandika yale aliyoyasikia yakisimuliwa katika mji wenyewe: kwamba alikuwako mzuru mmoja wa Kikristo aliyetembelea nchi za mashariki, akaiba tunguu moja la zafarani na kulificha ndani ya fimbo yake aliyoitoboa makusudi, naye alijua kwamba akikamatwa angeuawa kwa sheria ya nchi ile. Hadithi hiyo huenda ikawa ya kweli au ya kupambwa, lakini watu wa Walden waliipenda.

Binti yetu alicheka aliposikia. Akasema, "Ami, kumbe hata jina la mji ni la wizi!" Tukamwambia asicheke kwa sauti kubwa, kwani karafuu za Unguja na Pemba zina hadithi kama hiyo. Waholanzi walikuwa wamezifungia karafuu katika visiwa vya Maluku wasimpe mtu mche. Ni Mfaransa, Pierre Poivre, aliyefanya hila hadi miche ikafika kisiwa cha Mauritius mwaka 1770, na kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa ndiko ilikofikia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenea katika zama za Sayyid Said.

Lililotufikirisha zaidi ni mwisho wa zafarani ya Walden. Kilimo chake kilidhoofu, bidhaa ya nchi za joto ikaja kwa bei nafuu, na kufikia mwisho wa karne ya 18 mashamba yalikuwa yamekwisha. Mji ulibaki na jina, ua likatoweka; ni miaka ya karibuni tu ambapo wakulima wachache wa Essex wamerudi kulilima. Hata hivyo mji haukufa. Wenyewe waligeukia shayiri na kimea chake, biashara ambayo kwetu haina heri kwa kuwa mwisho wake ni pombe, na baadaye ukoo wa Gibson, watu wa madhehebu ya Quaker, ukafungua benki, ukafadhili hospitali, shule na ukumbi wa mji. Zao lilikuja likaenda, na gulio likaendelea. Wazee wetu wa Pemba, walioiona bei ya karafuu ikipanda na kuanguka, wanaijua thamani ya somo hilo bila ya kusafiri.

Kipimo cha sokoni

Siku tuliyofika ilikuwa Jumamosi. Uwanja ulijaa vibanda vya mboga, mikate, jibini, samaki na maua, vyote vimefunikwa kwa turubai za rangi, na mvua nyembamba ikinyesha bila ya mtu kuijali. Pembeni mwa uwanja pana vichochoro vyembamba viitwavyo The Rows. Vilianza kuwa vibanda vya muda vya wachuuzi wa zamani, wenyewe wakasita kuvibomoa jioni, vikawa maduka, vikawa nyumba. Anayekijua Mji wa Kale wa Mombasa angejiona kwao. Na katika nyumba moja ya kale, iliyokuwa nyumba ya wageni, ukuta wa nje umepambwa kwa nakshi za chokaa zilizofinyangwa kwa mkono katika karne ya 17. Tulizikumbuka nyumba za Lamu na Pate na zidaka zake, kazi ya mafundi ambao majina yao hatukuyahifadhi.

Magulio ya kale ya Uingereza yalikuwa na kitu ambacho mwanafunzi wa fiqhi hukitambua mara moja. Palikuwa na sheria ya karne ya 13 iliyopanga uzito na bei ya mkate; mwokaji aliyepunja alitozwa faini au kuaibishwa hadharani. Tena palikuwa na mahakama ndogo ya papo hapo sokoni, iliyoitwa kwa maneno ya Kifaransa yenye maana ya miguu yenye vumbi, kwa sababu ilimhukumia mchuuzi msafiri kabla hajafunga mizigo na kuondoka. Haki isicheleweshwe hata mgeni akaikosa: hilo ndilo lilikuwa kusudi lake. Katika miji ya Kiislamu kazi hiyo ilikuwa ya muhtasibu, aliyetembea sokoni akikagua mizani, mikate na maziwa. Na asili ya kazi yenyewe ni Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta umajimaji chini yake, akamkemea mwenye mali na kumtenga mdanganyifu na umma huu.

Zafarani ndiyo iliyowajaribu wafanyabiashara kuliko viungo vyote. Mjini Nuremberg, Ujerumani, katika karne ya 15, walikuwako waliobainika kuichanganya, wakachomwa moto pamoja na bidhaa yao. Sisi hatumtakii mtu adhabu hiyo, lakini wenye kuuza nyuzi zilizotiwa rangi wangalipo hadi leo, na mama wa nyumbani ndiye anayeumia. Basi tuwape kipimo chepesi. Chukua nyuzi chache, zitie katika maji baridi. Zafarani ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole, kwa dakika nyingi, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ya bandia hulipuka rangi mara moja, na uzi ukapauka. Tena zafarani ya kweli ina harufu tamu, ilhali ukiionja ina uchungu kidogo. Mwenye duka amchaye Mungu hatakasirika ukimwomba umpime. Atakayekasirika, hilo nalo ni jibu.

Njia ya duara na mnara wa bahari

Nje kidogo ya soko pana uwanja mpana wa majani, ambao ni wa watu wote wa mji. Hapo pamechongwa ardhini njia ya kuzungukazunguka, kubwa kuliko zote za aina yake katika Uingereza. Urefu wake wapata kilomita moja na nusu, nayo imetajwa katika daftari za mji tangu mwaka 1699. Watoto waliikimbia kwa vicheko, hata wa kwetu. Katika uwanja huo ndipo tulipotandika miswala tukasali Adhuhuri na Alasiri, kwa kukusanya na kupunguza kama isihivyo msafiri. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake alisimama mbali, akamshika mnyama wake kamba fupi mpaka tulipotoa salamu, kisha akatupungia mkono akaenda zake. Adabu ni adabu, popote uikutapo.

Mji huu wa bara, usio na bahari, umemzaa mtu ambaye mabaharia hawawezi kumsahau. Henry Winstanley, aliyezaliwa hapo mwaka 1644, ndiye aliyejenga mnara wa taa wa kwanza juu ya miamba ya Eddystone, kusini magharibi mwa Uingereza, ambako meli nyingi zilikuwa zikivunjika. Taa iliwaka mwaka 1698. Mwezi wa Novemba 1703 alikuwa ndani ya mnara huo wakati dhoruba kubwa ilipopiga, na asubuhi yake hapakuonekana mnara wala mtu. Wenye ndugu baharini watalielewa tendo hilo la kuwasha taa kwa ajili ya watu usiowajua.

Nyumba ya wazee, na nyumba ya bibi

Katika yote tuliyoyaona, lililotukaa moyoni ni nyumba za wazee wasiojiweza. Zilianzishwa mwaka 1400 kwa ajili ya maskini wa mji. Majengo ya sasa ni mapya kuliko hapo, lakini taasisi ni ileile, na hadi leo wazee huishi humo. Ni zaidi ya miaka 600. Wafalme wamebadilika, madhehebu ya nchi yamebadilika, ile abasia kubwa iliyokuwa karibu imevunjwa na mahali pake pakajengwa kasri la Audley End, lakini sadaka ya maskini imevuka yote hayo.

Tukiwa tumesimama mbele yake, binti yetu alinyamaza kwa muda, kisha akatuuliza, "Ami, karatasi za nyumba ya bibi ziko wapi?"

Alikuwa akiizungumzia nyumba ya bibi yake mzaa mama. Marehemu aliiwekea wakfu mabinti wa ukoo, ili yeyote kati yao atakayeachwa au kufiwa na mume asikose pa kuweka kichwa. Shangazi na mama wadogo wamekaa humo, kila mmoja kwa zamu ya shida yake. Sasa wajomba zake wawili wametafuta mnunuzi, nao wanasema kwamba hakuna aliyewahi kuona waraka. Mama yake anaishi humo hivi sasa, na hana nyumba nyingine.

Tuliporudi nyumbani tuliutafuta, na kwa rehema ya Mola ulionekana ndani ya kasha la msahafu: ukurasa mmoja wa hati ya Kiarabu, wino umefifia. Maneno ya wakfu ni ya wazi. Lakini mashahidi wote wawili wamefariki, mutawali alifariki bila ya kumtaja wa kumrithi, mipaka imetajwa kwa majina ya majirani ambao hawapo tena, na haukuwahi kuandikishwa popote. Jambo hilo sasa liko mbele ya Kadhi, nasi hatutalitangulia kwa kauli. Ila hukumu ya asili twaijua sote: mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi, kama ilivyothibiti katika ardhi ya Sayyidna Umar kule Khaybar.

Waingereza wale hawakutuzidi kwa ukarimu. Bibi yule, ambaye hakuwa na zaidi ya nyumba moja, alitoa yote. Walichotuzidi ni daftari. Kila kizazi kiliandika kilichopo, nani msimamizi, nani atamfuata na fedha zimekwenda wapi. Na Qur'ani ndiyo iliyotuamrisha sisi kuandika na kushuhudisha, katika ile aya iliyo ndefu kuliko zote, inayozungumzia deni tu. Sembuse sadaka ya kudumu milele?

Basi kwa kila familia isomayo maneno haya, twanasihi yafuatayo. Ulizeni wiki hii kama kuna nyumba, shamba au kisima cha wakfu katika ukoo wenu. Utafuteni waraka wakati wazee wangali hai. Uandikwe upya yale yaliyofifia mbele ya mashahidi, kwa idhini ya Kadhi. Mipaka ipimwe na mpima ardhi. Atajwe mutawali na atakayemfuata, wala wanawake wasisahauliwe katika usimamizi, khasa pale wakfu wenyewe ulipokuwa wao. Kisha uandikishwe katika Kamisheni ya Wakfu, na nakala zikae katika nyumba zaidi ya moja. Asubuhi moja ya kazi hiyo inaweza kumwokoa mjane ambaye bado hajazaliwa.

Na atakayejaaliwa kuuzuru mji huo, achague Jumanne au Jumamosi, avae nguo nzito na viatu visivyopitisha maji, na aulize juu ya mafuta ya kukaangia kabla ya kuagiza samaki. Jumba la makumbusho la mji, lililofunguliwa mwaka 1835 karibu na magofu ya ngome, litawafaa watoto.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu walioacha sadaka zenye kuendelea, awahifadhie mabinti zetu makazi yao, atupe mizani za haki katika masoko yetu, na atujaalie tuwe waaminifu kwa tulichoachiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.